Baba anataka nimwonyeshe mshipa wa dhahabu, mimi nasoma uimara wa ardhi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 22, niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma uhandisi wa jiolojia. Nakuandikia nikiwa hosteli. Wenzangu wamekwenda likizo, mimi nimebaki kwa sababu mbili: nina sapu, yaani mtihani wa marudio, na naogopa kwenda nyumbani.

Baba yangu ni mchimbaji mdogo mkoani Geita. Ana leseni yake, ana maduara mawili, yaani mashimo ya kuchimbia, na karasha moja la kusagia mawe. Hakuvuka darasa la saba, lakini kwa dhahabu yake ndogo ndogo ametusomesha watoto watano. Nilipomaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PGM nikachaguliwa kozi hii, alichinja mbuzi. Aliwaambia wachimbaji wenzake kwamba sasa hawatakwenda tena kwa waganga kupiga ramli ya mwamba, kwa sababu mtoto wao mwenyewe anakwenda kusomea mawe. Mkopo nilipata, ila haukutosha ada yote. Inayobaki analipa yeye. Mwaka jana aliuza ng'ombe wanne.

Likizo iliyopita alinishusha kwenye duara jipya, kama mita 40 kwenda chini. Walikuwa wanaufuata mshipa wa mawe meupe, halafu ukakatika ghafla. Akanimulikia ukuta kwa tochi, akaniuliza mbele ya vijana wake: "Haya, mwanangu, umekwenda wapi?" Niliutazama ule ukuta, Shangazi, sikuwa na la kusema. Hakunigombeza. Jioni baada ya kula ndipo akaniuliza huko chuo nasoma nini hasa. Nikamweleza: mekaniki ya udongo, mekaniki ya miamba, misingi ya majengo, mabwawa, miteremko ya barabara. Akanyamaza sana, kisha akasema, "Kwa hiyo nimeuza ng'ombe ili ukasome udongo."

Sasa anataka mwaka huu nihamie kozi ya utafutaji madini, na kama haiwezekani basi nirudi nyumbani nisimamie karasha, kwa sababu yeye magoti yamechoka.

Halafu ipo hii sapu, ambayo sijamwambia. Ni somo la jiolojia ya miundo. Mwalimu akichora straiki na dipu, zile alama za mwelekeo na mwinamo wa mwamba, akija na ile chati ya duara, stereoneti, wenzangu wanaona mlima ndani ya karatasi. Mimi naona mistari. Nikianguka sapu nitakeri, yaani nitalibeba somo hadi mwakani, na nikikeri huku GPA yangu ikiwa hivi ilivyo, naweza kudisko kabisa, yaani kuondolewa chuo.

Mekaniki ya udongo nilipata A, na ndilo somo ninalolipenda. Binamu yangu alifukiwa na kifusi kwenye duara la jirani nilipokuwa kidato cha tano, labda ndiyo sababu, sijui.

Je, nihame? Na nikibaki, kazi zipo kweli, au nitakuja kukaa nyumbani na cheti? Na baba nitamwambia nini?

Ni mimi,
Mwana wa Mwenye Duara

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipomwona vizuri binamu yako. Umempa sentensi moja tu, karibu na mwisho, ukamalizia kwa "sijui". Pole sana. Kijana anayetoka nyumba ya wachimbaji, aliyempoteza ndugu chini ya kifusi, kisha akaenda chuo na somo la kwanza kumkaa moyoni likawa lile linaloeleza kwa nini udongo unasimama na kwa nini unaanguka, huyo anajua alichokifuata, hata kama hajawahi kukisema kwa sauti.

Jibu la swali lako la kwanza nalitoa sasa hivi, usije ukalitafuta hadi chini: usihame. Na sikwambii hivyo ili umshinde baba yako. Nakwambia hivyo kwa sababu wewe na baba yako mnaulizana juu ya ukuta mmoja, ila kila mmoja ameshika upande wake wa tochi.

Nimefanya kazi hii ya uhandisi wa jiolojia miaka 19, mingi kati ya hiyo nikiwa chini ya turubai, pembeni ya mtambo wa kuchoronga ardhi kutoa sampuli za mwamba. Kwa hiyo tuanze na ule ukuta.

Dhahabu ya kwenu imo ndani ya miamba mikongwe sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ile ambayo walimu wako wanaiita mikanda ya mawe ya kijani. Haikuzaliwa imetawanyika sawasawa kama chumvi kwenye mboga. Miamba ilibanwa, ikapasuka, na maji ya moto kutoka chini sana yakapanda kupitia nyufa hizo yakiwa yamebeba silika na dhahabu iliyoyeyuka. Yalipopoa, yakaacha kwatzi, yale mawe meupe ambayo vijana wa baba yako wanayafuata. Kwa maneno mengine, mshipa ni ufa wa zamani uliojazwa. Baadaye ardhi iliendelea kusukumana, na mipasuko mipya ikaikata ile ya zamani na kuisogeza, mara mita moja, mara mita 20.

Mshipa ukipotea ghafla, kuna mambo mawili ambayo hutokea mara nyingi. Ama umekonda hadi ukaisha, kwa sababu ufa wenyewe ulikuwa unajibana hapo. Ama umekatwa na mpasuko, na upande wake wa pili uko mahali fulani, juu, chini, kushoto au kulia. Namna ya kutofautisha ni kuuangalia ule mwisho kwa makini. Ukikonda, utauona unakuwa mwembamba pole pole. Ukikatwa, utakuta uso bapa, mara nyingi una unga wa mwamba uliosagika au udongo laini unaoteleza vidoleni, na mara nyingine una michirizi kama ya kitu kizito kilichoburutwa sakafuni. Michirizi ile inaonyesha mstari ambao mawe yalipita. Ukipima straiki na dipu ya uso ule, ukapima na mlalo wa michirizi, unaanza kujua utafute upande gani.

Sasa soma tena jina la somo ulilopata sapu. Baba yako, kwenye mita 40, mbele ya vijana wake, alikuuliza swali la jiolojia ya miundo. Alikutungia mtihani ule ule uliokuangusha, na wala hakujua.

Tena uso ule wenye udongo laini, ambao ungemwonyesha dhahabu ilikokwenda, ndipo hapo hapo jiwe litakapoachia. Ufa ulioleta dhahabu, au ulioikata, ndio huo huo unaoudhoofisha ukuta. Mtafutaji madini anaupima ili ajue mali imepita wapi, na mhandisi jiolojia anaupima ili ajue kama watu watatoka. Dira ni moja, na daftari ni moja. Ndiyo maana nasema usihame: kozi uliyonayo imebeba maswali yote mawili, mradi somo hili usilikimbie.

Twende kwenye mistari unayoiona badala ya mlima. Wengi wamekwama hapo, na sababu yake si akili ndogo. Walikutana na karatasi kabla hawajakutana na kitu chenyewe. Chukua beseni, tia maji nusu. Chukua daftari lenye jalada gumu, au kipande cha bati, ulizamishe kwa mshazari, nusu ndani, nusu nje. Ule mstari ambao maji yanaligusa bati ndio straiki. Maji siku zote yamelala sawa, kwa hiyo straiki ni mstari uliolala sawa juu ya kitu kilichoinama, basi, hakuna siri nyingine. Sasa dondoshea tone la maji kwenye sehemu iliyo juu. Litateremka kwa njia iliyo kali kuliko zote, likikutana na ule mstari wa kwanza kwa pembe mraba. Huko linakokwenda ndiko mwelekeo wa dipu, na ukali wa mteremko kutoka usawa wa maji ndiyo dipu yenyewe, kwa nyuzi. Geuza bati, lilaze zaidi, lisimamishe zaidi, na kila mara taja namba kwa sauti kabla ya kupima. Fanya hivyo mara 50 kwa siku tatu. Nakuhakikishia, siku ya nne ukiona alama ya straiki kwenye ramani utaliona bati.

Stereoneti inahitaji kibuyu. Pasua kibuyu katikati upate kata ya duara kamili, au tafuta bakuli la plastiki lisilo na kitako. Kata kadibodi ya nusu duara inayoenea humo ndani, uiingize kwa mshazari ikipita katikati. Halafu simama juu, fumba jicho moja, tazama kwa ndani: pale kadibodi inapogusa ukuta wa bakuli utaona mstari uliopinda kama upinde. Upinde huo ndio ule mwalimu anaouchora. Ingiza kadibodi ya pili kwa mwelekeo mwingine, umeichana kidogo katikati ili zipishane. Zinakutana kwenye mstari mmoja, na mstari huo unaligusa bakuli kwenye nukta moja. Nukta hiyo, mwanangu, ndiyo sababu ya mimi kukuandikia barua ndefu namna hii.

Kwa sababu nyufa mbili zinazokutana ndani ya ukuta wa duara hukata kabari. Kipande cha mwamba kilichofunguka kwa mbele, kimeegemea nyuso mbili zinazoteremka kuelekea kwa mchimbaji, hakina cha kukishikilia isipokuwa msuguano. Ile nukta kwenye bakuli ndiyo njia ambayo kabari itatokea. Kama inaelekea ndani ya ukuta, unaweza kupumua. Kama inaelekea kwenye uwazi, na mwinamo wake ni mkali kuliko msuguano unavyoweza kuzuia, jiwe litakuja. Na halihitaji kuwa kubwa. Mwamba wa kawaida una uzito wa tani 2.7 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Kabari yenye mita mbili tu za ujazo inazidi tani tano. Tazama matimba, zile nguzo za miti, ya duara lolote unalolijua, ujiulize kama yaliwekwa na mtu aliyejua kabari iko upande gani, au yaliwekwa pale palipokuwa na nafasi.

Ongeza mvua. Wewe mwenye A ya mekaniki ya udongo unajua habari ya maji ndani ya vinyweleo, jambo ambalo mhandisi Karl Terzaghi alilifafanua karne moja iliyopita: maji yakijaa ndani ya ufa husukuma pande zote mbili, yanaupunguzia uzito ule unaozikandamiza nyuso mbili, na msuguano unapungua, hata kama mwamba wenyewe haujabadilika hata chembe. Januari 2024, mvua kubwa zikinyesha, mgodi wa wachimbaji wadogo mkoani Simiyu uliporomoka na watu 22 wakafa. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima Hanang iliyokuwa na mwamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, ikateremka kama uji wa matope, mawe na magogo hadi Katesh. Walifariki zaidi ya watu 80. Hao hawakuwa ndani ya mgodi. Walikuwa nyumbani, sokoni, kwenye shughuli zao za asubuhi.

Ukitaka kumweleza mtu kwa nini kuna wahandisi ambao kazi yao ni mawe na si zege, mpe habari ya Vajont, kaskazini mwa Italia. Lilijengwa pale bwawa lenye ukuta wa zege wa zaidi ya mita 260, kazi nzuri kabisa. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, ubavu wa mlima Toc uliteleza ukaingia bwawani, mawe yapatayo mita za ujazo milioni 270. Maji yaliruka juu ya ukuta, yakafagia mji wa Longarone na vijiji vya jirani, wakafa watu wapatao 2,000. Ukuta haukuvunjika, umesimama hadi leo. Kilichoachia ni tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi katikati ya chokaa, limeinama kuelekea bwawani, na maji yalipopandishwa yakaliingia. Unene wa tabaka lile ulihesabiwa kwa sentimita, si kwa mita. Baba akikuuliza tena kwa nini aliuza ng'ombe ili usome udongo, hiyo ni sehemu ya jibu.

Kuhusu kazi nitasema ukweli, tena kwa ufupi, kwa sababu jambo hili halihitaji kupambwa. Zipo, lakini hazimngoji mtu getini siku ya mahafali. Hakuna bwawa, handaki, daraja wala barabara ya milimani inayojengwa bila mtu kwanza kuchoronga na kusoma ardhi yake. Kabla ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji na megawati zake 2,115, kabla ya mahandaki ya reli ya SGR upande wa Kilosa, kuna watu waliokaa na masanduku ya sampuli za mwamba wakihesabu nyufa. Migodi mikubwa ina idara nzima za kulinda kuta za mashimo yake. Kuna visima vya maji, kuna miteremko ya barabara. Lakini miaka ya mwanzo utaishi kwa mikataba ya miezi mitatu, minne, utalala kambini, na kuna miezi simu haitalia. Mimi nilikaa miezi minane bila kazi baada ya mradi wangu wa kwanza. Wanaovumilia kipindi hicho ni wale waliotumia vizuri mafunzo kwa vitendo wakiwa bado chuoni, wakajulikana kwa daftari safi. Na kabla hujaanza mwaka wa tatu, nenda mwenyewe Bodi ya Usajili wa Wahandisi, uliza shahada yako inatambuliwaje. Ukihitimu ujisajili kama mhandisi mhitimu, uombe kuingia kwenye mpango wao wa miaka mitatu wa kujifunza chini ya mhandisi mzoefu. Usajili ule ndio utakaoipa saini yako uzito kwenye ripoti.

Kuna kosa moja nililifanya ambalo sitaki ulirudie. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa kusoma sampuli za msingi wa daraja. Tunafanya hivi: katika urefu uliochorongwa, unajumlisha vipande vizima vyenye sentimita 10 au zaidi, unagawanya kwa urefu wote. Ukichoronga sentimita 150 na vipande vizuri vikafika 90, ubora wa mwamba ni asilimia 60, wa wastani. Nilikuwa nahesabu haraka. Sehemu moja kulikosekana kama sentimita 20, nikaandika "sampuli haikupatikana" nikaendelea. Fundi mkuu wa mtambo, mzee asiye na cheti chochote, akaniita kwa upole: "Dada, hizo ishirini zimekwenda wapi?" Nikasema zimepotea. Akaniambia jiwe gumu halipotei. Kilichopotea ni kilichokuwa laini, kimesombwa na maji ya mtambo. Tulichoronga upya pembeni, taratibu, tukapata utelezi wa udongo wa mfinyanzi, pale pale ambapo nguzo ilikuwa ikae. Tangu siku ile, panapokosekana kitu ndipo ninapoanzia kusoma.

Sasa baba yako.

Usimweleze kwa simu. Na usibaki hosteli likizo nzima ukijificha, kwa sababu mzee aliyekaa kimya baada ya chakula cha jioni amekwisha kujua kuwa kuna jambo, na kimya chako anakijaza kwa mawazo yake. Nenda nyumbani hata kwa siku nne. Sapu mwambie kwanza, siku ile ile ya kufika, kabla ya maneno mengine: "Baba, kuna somo moja nimeanguka, nalirudia Septemba, na ndilo somo la lile swali lako lililonishinda." Mwambie hivyo hivyo. Mzee akisikia kwamba swali lake limeandikwa vitabuni, na kwamba mwanawe ameona aibu kwa kutolijua, hatasikia tena habari ya udongo. Atasikia kwamba alikuwa sahihi kuuliza.

Kisha muombe akufundishe. Nasema hili nikimaanisha. Wachimbaji wazoefu hugonga dari kwa nyundo au mtaimbo na kusikiliza. Mwamba uliokaza hulia kama kengele, ulioachana na mwenzake hutoa sauti nzito, ya uwazi. Walimu wako nao wanaijua mbinu hiyo, na migodini bado inatumika. Baba yako amesikiliza ukuta kwa miaka mingi kuliko umri wako. Muulize alijuaje siku aliyowatoa vijana wake mapema, kwa sababu siku kama hiyo lazima ipo, kila mwenye duara aliyebaki hai anayo. Muulize kwa nini anaweka matimba hapa na si pale. Andika anachokwambia. Baada ya hapo toa dira, pima nyufa zinazoonekana juu, mdomoni mwa duara, zichore mbele yake kwenye udongo kwa kijiti, umwonyeshe zinakutana wapi. Msikie atasema nini.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Wewe ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Usimwambie mtu yeyote kwamba duara ni salama. Hiyo si kauli yako bado, na kuna watu watashuka kwa kuiamini. Unaweza kusema "hapa pananitia wasiwasi", huna ruhusa ya kusema "hapa shukeni". Mkiona mdomo una nyufa mpya, au maji yanaingia kusikokuwa na maji, shughuli isimame na Ofisi ya Afisa Madini Mkazi ijulishwe. Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Watu wanapenda kuisimulia kama muujiza, na ni muujiza kweli, ila mimi kila nikiisikia nawawaza wale wote ambao siku ya pili tu juu walikuwa wameanza matanga.

Na swali lake la dhahabu lisiachwe hewani, kwa sababu yeye ana ada ya kulipa na magoti yanayouma. Mueleze kwamba STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, ina mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na kwamba Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma, ile GST, ina ramani za eneo lenu na maabara ya kupima sampuli. Tundu moja lililochorongwa mahali palipofikiriwa linaweza kumwokolea miezi ya kuchimba kwa kubahatisha. Kazi yako iwe kumwandalia maswali na kwenda naye ofisini, umsomee fomu, umtafsirie ripoti. Ukirudi mwaka wa tatu na wa nne utakuwa unaelewa nusu ya pili ya ripoti hizo. Habari ya wewe kuacha chuo usimamie karasha mjibu kwa heshima, bila kumficha: "Baba, karasha atapatikana wa kulisimamia. Hii nikiiacha sitairudia." Kama kuna mdogo wako au kijana wake mwaminifu wa kushika karasha kwa miaka miwili, lete jina, usilete wazo tupu. Baba mchovu anahitaji mtu.

Kama hata baada ya hapo atashikilia uhame, usiitikie palepale. Nenda kwa mshauri wako wa masomo na Bodi ya Mikopo, upate kwa maandishi kuhama kunagharimu nini: miaka mingapi inaongezeka, mkopo unakuwaje. Mwekee mezani karatasi hiyo. Mtu aliyeuza ng'ombe wanne anajua hesabu.

Mwambie pia habari ya binamu. Hiyo sina namna ya kukufundisha. Nadhani hamjawahi kuizungumza nyumbani kwenu, kwa sababu kwenye nyumba za wachimbaji maneno hayo hayasemwi, mtu huzika akarudi kazini. Lakini yeye alimjua mtoto yule, na huenda ndiye aliyeshika koleo. Mwambie kwamba ukisoma mekaniki ya udongo huwa unamkumbuka.

Ukirudi chuoni, beba mfuko wa mawe kutoka kwenye lile duara: ya mshipa, ya ukuta wa kulia, ya ukuta wa kushoto, na ya pale ulipokatika, pamoja na ule udongo laini kama upo, uufunge kwenye nailoni usikauke. Wakupandishie vijana, wewe usishuke. Kila jiwe liandike siku ile ile limetoka mita ya ngapi na upande gani, kwa sababu kesho yake yote yatafanana.